Kiitaliano cha Kumlaza Mtoto

Watu wa Malindi tunasifiwa kwamba tunajua Kiitaliano, na sifa hiyo ni kweli nusu. Tunajua Kiitaliano cha mchana. Mimi changu nilikiokota jikoni, katika majumba ya wageni karibu na ufuo, nilikofanya kazi tangu usichana mpaka nilipoolewa, na nikarudi kukohuko nilipoachika. Nilijua kuitwa, kutumwa, kugombezwa na kusifiwa. Nilijua jina la kila samaki na kila sufuria, na nilijua matusi aliyoyamwaga mpishi mkuu kila mafuta yalipomrukia. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni tulivua aproni, tukakaguliwa vikapu getini, tukaenda zetu. Waliobaki ndani walikula, walioga, waliwalaza watoto wao, na maneno ya shughuli hizo hayakunifikia hata siku moja.

Pengo hilo sikulijua mpaka nilipofika Doha. Wakala aliyenipeleka aliwaambia waajiri wangu kwamba Kiitaliano nakinywa kama maji, nao wakafurahi kweli. Walikuwa mume na mke, Waitaliano wote wawili. Bwana alikuwa mhandisi wa majengo, na mkewe alifanya kazi ofisini; huyo nilimwita madam, kama anavyoitwa kila mwanamke mwenye nyumba kule. Walikaa kwenye nyumba ya ghorofa moja mtaa wa Al Thumama, wakati ule kando ya barabara bado kumejaa viwanja vitupu na malori ya mchanga, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike anayekaribia miaka minne. Kazi yangu ilikuwa kupika, kusafisha na kumwangalia mtoto.

Mchana nilikuwa malkia. Leta, kata, osha, weka pale, ngoja kidogo, hii imeharibika: yote niliyasema bila kigugumizi, na madam akawapigia simu marafiki zake kuwaelezea bahati aliyoipata. Kisha jioni moja ya wiki ile ya kwanza wakaalikwa mahali, wakaniachia mtoto nimlaze. Hapo ndipo Kiitaliano changu kilipovua aproni.

Kumwosha nilimwosha. Baada ya hapo nikasimama katikati ya chumba chake, yeye ananitazama, mimi namtazama, na kichwani nina maneno ya jikoni matupu. Nikamwambia, "Basta. Finito." Yametosha, yamekwisha. Akanikodolea macho. Nikamwambia "chiudi", yaani funga, neno nililolizoea kwa milango na vifuniko vya sufuria, huku namwonyesha macho yake. Nikazima taa nikatoka, kama mtu aliyemaliza zamu hotelini. Asubuhi akawaambia wazazi wake mezani kwamba jana usiku nimemfunga. Baba yake alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Madam hakucheka sana. Alinitazama kama mtu aliyenunua kitambaa usiku na sasa anakiangalia kwenye mwanga.

Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali. Siku ile nilizisugua sufuria mpaka zikaomba msamaha.

Aliyeniokoa ni mtoto mwenyewe. Jioni iliyofuata alinishika kidole akanizungusha chumba kizima, akinitajia vitu kimoja kimoja na kunisubiri nitamke. Pigiama, yaani nguo za kulalia, nililijua kwa kulisikia dukani. Mto, shuka, slipa, mswaki, taa ndogo ya ukutani, kupiga mwayo, kujifunika mpaka kidevuni, yote hayo alinifundisha yeye. Alikuwa na tabia ya walimu wote wadogo: hana huruma. Nikikosea alijiangusha kitandani kwa huzuni, kama ameletewa habari za msiba. Nikipatia alinipigia makofi. Kumaliza somo kulikuwa na mpangilio wake, meno, hadithi, taa, kisha buonanotte, yaani usiku mwema, kisha nimtakie ndoto za dhahabu, maana ndivyo wanavyosema kwao. Mimi nililelewa kwa "lala unono" na dawa ya mbu. Hakuna aliyewahi kuniahidi dhahabu. Lakini neno hilo nililisema, na nilipozoea nikaanza kulipenda.

Mpaka leo nikisikia harufu ya ile sabuni ya nywele ya watoto, isiyowasha macho, narudi chumba kile. AC inanguruma, kichwa chake chenye maji kimenilowesha bega, ndege inashuka kwenda uwanjani karibu kiasi kwamba kioo cha dirisha kinatetemeka, naye anauliza ile imetoka wapi. Nilikuwa nikimjibu kwamba zote zimetoka Malindi. Sasa ni mwanamke mzima huko kwao, na huenda hakumbuki hata sura yangu. Mimi namkumbuka mpaka kovu la goti lake.

Lakini sijasema lililokuwa likinila moyo.

Nilikuwa na binti yangu. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa hajatimiza miaka mitatu, na kabla ya kusafiri nilidhani nchi ya mbali lazima iwe na saa zake. Niliwajua watu wenye ndugu Marekani. Huku mchana, kule usiku. Nikajiambia, vizuri, nitakuwa namtunza wa watu wakati wangu amelala, na wakati wangu yuko macho nitakuwa na nafasi yangu. Kumbe saa ya Doha na saa ya Malindi ni ileile moja. Nilipokuwa nikimwita huyu aje kuoga, wangu alikuwa anaoshwa miguu uani. Tena wangu alitangulia kulala. Kwa bibi yake, ikifika saa mbili usiku taa imezimwa, na saa mbili hiyo ndiyo Waitaliano wanakaa mezani kula, na mimi nasimama pale jikoni nikipakua. Mchana nisingempata, kwa sababu mama yangu alikuwa na biashara yake ya viungo sokoni, na simu ilikwenda naye, na mtoto alibaki kwa jirani. Kwa hiyo tulibaki na Ijumaa alasiri, siku yangu ya mapumziko, tena kwa kadi ya kukwangua inayokata maneno katikati.

Na hiyo Ijumaa yenyewe ilikuwaje? Mtoto wa miaka mitatu hajui kuzungumza na simu. "Hujambo mwanangu?" Sijambo. "Umekula?" Eeh. "Umekula nini?" Kimya, kisha pumzi, pumzi, na kuku wanalia nyuma yake. "Unamkumbuka mama?" Eeh. Akinijibu vile ningeweza kuwa mtu yeyote, hata muuza mkaa. Halafu mama yangu alichukua simu na kunieleza mambo ya mvua.

Siku moja akaniambia jambo jingine, tena kwa furaha, akidhani ananifariji. "Mwanao hana shida, alhamdulillahi. Hata siku hizi aniita mie mama."

Nilimshukuru. Nilikata simu nikatoka barabarani na jua lile la Doha linapiga lami, nikatembea bila kujua naenda wapi. Sikumkasirikia mama yangu. Mtoto humwita mama yule anayemfunika. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na nilikiogopa kila siku ya Mungu: kwamba nitakuja kurudi nyumbani na masanduku yangu, nikute mtoto wangu hana haja na mimi.

Ijumaa nilikuwa nakwenda mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa rafiki yangu mmoja kutoka upande wa Kakamega, mlinzi wa kwenye duka kubwa. Waliishi wanawake sita chumba kimoja, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa chapati. Nilimweleza kwamba nafikiria kumwomba madam muda kidogo wa jioni nipige simu nyumbani.

"Wee! Manze wachana na hiyo story," alisema, unga mpaka viwikoni. "Boss ukishamwomba kitu, anaanza kukuchunguza. Leo simu, kesho ataanza kuona hujaosha hii, hujapanga ile. Kaa ngumu, mkataba uishe, uende home."

"Na mtoto?"

"Mtoto atajua mamake ni nani. Damu ni nzito kuliko maji, sis. Kula, zinapoa."

Nilikula chapati zake, zilikuwa tamu, na neno lake moja sikuliamini. Damu ingekuwa inatosha, watu wasingekuwa wanalea.

Basi mwaka ule mtoto wa madam akaanza shule ya chekechea ya Kiitaliano, na wiki moja akarudi na saa ya karatasi ngumu, mishale yake imefungwa kwa pini. Walikuwa wanafundishwa kueleza siku yao, kuanzia kuamka mpaka kulala. Mi sveglio, naamka. Mi lavo, naoga. Mi vesto, navaa. Hivyo hivyo mpaka vado a letto, nakwenda kitandani. Kule shuleni alikuwa mwanafunzi, kwa hiyo nyumbani ilibidi awepo wa kufundishwa, na mimi ndiye niliyekuwepo. Alinikalisha kwenye kiti chake kidogo, magoti yamenifika kidevuni, akanishikisha saa.

Nikaanza. Naamka saa kumi na moja alfajiri. Akanikatiza kwamba hakuna mtu anayeamka saa hizo, hata ndege. Nikamwambia wapo. Naoga, nasali, naweka maji ya kahawa. "E poi?" akauliza. Na halafu? Nakuamsha wewe. E poi? Nakuvalisha soksi, unazivua, nakuvalisha tena. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kila nikinyamaza ananisukuma na halafu yake, nami nikasogeza mishale, nikapita mchana wote, nikafika jioni, nikapita, nikaingia usiku, nikajikuta nimeeleza siku yangu nzima kwa Kiitaliano. Nilikaa pale kwenye kile kiti nikashangaa. Tangu nifike nchi ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza siku yangu ilivyokwenda, kwa lugha yoyote.

Kisha akaniuliza, "Na mtoto wako?"

Alijua ninaye, alikuwa ameiona picha. Nikachukua saa nikaeleza. Anaamka. Anakunywa chai na mahamri. Anakwenda kwa jirani. E poi? Anacheza, anapigana na mtoto wa jirani, anaoshwa. E poi? Anakwenda kitandani saa mbili. Nikaweka mshale kwenye saa mbili, akainama akautazama.

"Nani anamlaza?"

"Bibi yake."

"Na wewe unamlaza nani?"

Nikamwambia, "Wewe." Hakusema halafu. Alichukua saa yake akaenda nayo dirishani, nami nikainuka kwenda kukata vitunguu, ili nikionekana na machozi yawe na sababu.

Usiku uleule, nimesimama mlangoni mwa jikoni na kikapu cha mkate mkononi, akashusha kijiko chake akawatangazia wazazi wake kwa sauti ya mwalimu mkuu: mtoto wa dada sasa hivi anakwenda kulala. Sisi tunakula supu na yeye anakwenda kulala, na mama yake yuko hapa ameshika mkate. Baba yake akanitazama. Madam akaweka kijiko chini, akafuta mdomo. Mimi moyoni nikasema, khalas, nimekwisha. Watadhani nimemtuma mtoto. Niliweka mkate mezani nikarudi jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Madam alinifuata. Alisimama karibu na friji na viatu vyake vya ofisini mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamjibu kwamba kuna maneno sikuwa nayo. Kisha, kwa kuwa maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, nikamwambia nilichokitaka. Ila sasa, Kiitaliano changu nilifundishwa na watu waliokuwa wakiniamrisha. Heshima zake, tafadhali zake, yale maneno ya kuzunguka kabla ya kuomba, hayo hakuna aliyewahi kunielekezea mimi, kwa hiyo sikuyaokota. Nilipofungua mdomo, ombi langu lilitoka kama amri ya mpishi mkuu: "Saa mbili mimi napiga simu nyumbani. Kila siku. Nyinyi pakueni chakula wenyewe. Sawa?"

Alipepesa macho. Nadhani hakuna mfanyakazi aliyewahi kumsemesha hivyo, wala huko ofisini kwake. Niliona uso wake ukijaribu njia mbili tatu, na mimi nimeshika sponji, povu linanidondokea miguuni. Mwishowe akasema, "Va bene." Sawa. Akaondoka na viatu vyake.

Toka siku hiyo, tambi zikiingia tu kwenye maji yanayochemka, mimi natoka na simu yangu kupitia mlango wa nyuma, na bwana anashika kijiko. Alifurahi mno, ungedhani amepandishwa cheo. Alisimama mbele ya jiko na saa yake ya mkononi kama anasimamia ujenzi wa daraja, kisha akapigiwa simu ya kazi, na tambi zikawa uji. Walizila hivyo hivyo. Madam hakulalamika mbele yangu hata mara moja, na kwa hilo nitamwombea heri mpaka kufa kwangu, ingawa alikuwa mgumu wa kucheka na mwepesi wa kuona vumbi.

Pale nyuma palikuwa na ngazi moja ya saruji, mtungi wa gesi, na mashine ya AC inayopuliza hewa ya moto usoni. Wakati wa kiangazi hata usiku ngazi ile ilikuwa kama kikaango. Nilikaa hapo. Na siku ya kwanza, mama yangu alipomwekea mtoto simu sikioni kitandani, niliogopa. Nikajua nikisema hujambo ataniambia sijambo, na tutarudi kwenye pumzi na kuku. Ndipo nikaikumbuka ile saa ya karatasi.

"Leo asubuhi uliamka," nikamwambia. "Halafu?"

Akasema, "Nikakojoa."

"Halafu?"

"Nikanywa chai. Nikamwaga. Bibi akanipiga kofi."

"Halafu?"

Na halafu ikafuata halafu. Nilisikia habari za mbuzi aliyeingia jikoni kwa jirani, za kiatu kilichokatika, za mtoto fulani aliyemwita mweusi naye akamwita mweusi zaidi. Alikuwa na mengi, maskini, nilikuwa sijajua pa kuanzia kuyafungua. Tulipofika kwenye kuoga sauti yake ilikuwa imeanza kulegea, na tulipofika kitandani nikamwambia lala unono mwanangu, nikamsomea dua, nikamsikia bibi yake akimpangusa uso. Hakujibu. Alikuwa amelala. Nilikaa na simu sikioni mpaka kadi ikaisha.

Ndivyo tulivyoishi. Kila jioni alinipa siku yake, na baadaye akaanza kuidai yangu, naye akawa hakimu kama yule mwingine. Nilipomaliza naye niliingia ndani nikamlaza wa pili. Nilikuwa na watoto wawili kila usiku, mmoja wa sikio na mmoja wa mkono. Wakati mwingine yule Mwitaliano mdogo alininyatia nyuma, akaninyang'anya simu na kupiga kelele, "Buonanotte!" Binti yangu hakupendezwa.

"Huyo alala na nani?" aliniuliza siku moja.

"Namlaza mimi, nikishaagana na wewe."

Alifikiri. "Mwambie alazwe na mamake."

Nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi, na nikicheka nikagundua nalia, na sikujizuia, kwa sababu AC ilikuwa inanguruma na hakuna wa kunisikia. Mtoto asiyekuhitaji haoni wivu juu yako. Usiku ule nililala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu nitoke kwetu.

Mama yangu ndiye hakuridhika. Yeye alikuwa mtu wa zamani, simu aliiona kama redio. "Mwanangu," aliniambia, "fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto anakujua sauti. Rudi akujue mkono." Nilimwambia nitarudi mkataba ukiisha. Mkataba ukaisha, madam akaniomba niongeze miezi kwa sababu ya kazi yake, nami nikaongeza, na ukapita mwaka wa pili ukaingia wa tatu. Mwishowe nikapata likizo. Siku ya kuondoka yule mtoto wa Al Thumama alisimama mlangoni na nguo zake za kulalia mchana kweupe, akaniuliza nani atamlaza. Nikamwambia mama yako, anajua. Akasema, "Hajui mpangilio." Nikamwelekeza madam mpangilio mzima hapo hapo mlangoni, teksi inaunguruma nje, kwa Kiitaliano nilichofundishwa na binti yake.

Nilifika Malindi jioni. Mama yangu alikuwa amezeeka kidogo, na nyuma yake, ameshikilia leso yake kwa mikono miwili, amesimama msichana mrefu anayekaribia miaka sita, mwenye miguu ya baba yake. Akatoka nusu, akaniamkia, "Shikamoo," vizuri sana, kama anavyoamkiwa mgeni. Nikamkumbatia. Alisubiri nimalize. Zawadi alizipokea, akasema ahsante, akazipeleka kwa bibi yake zikahifadhiwe. Wakati wa kula alinichungulia juu ya sahani, na nikimtazama anashusha macho. Nilimwita jina lake kwa sauti ileile ya kila jioni, na niliona alishtuka, akageuka kuangalia simu ya bibi yake iliyokuwa juu ya kabati.

Saa mbili ikafika. Mama yangu aliondoka chumbani makusudi, akatuachia nafasi. Nikapanda kitandani nikalala ubavuni pake. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miaka, nimeitamka kwa lugha mbili. Mtoto alilala chali, mikono ameibana mbavuni, hasogei, kama mtu aliyepewa kiti na asiyemjua ndani ya basi. Nikamwuliza, "Leo uliamka. Halafu?" Akageuza uso ukutani. Akamwita bibi yake, na bibi alipokuja mlangoni, akasema kwa sauti ya kulia, "Namtaka mama. Nipigie mama."

"Astaghafirullahi, mama si huyu hapa!" bibi yake akasema. Aliona aibu kwa niaba yangu. "Wewe mtoto una nini? Mama ndiye huyu, umekuwa ukimlilia."

Mtoto akafunika uso kwa leso.

Ningeweza kusema kwamba nilielewa mara moja, lakini nisingekuwa mkweli. Kwanza niliumia. Niliumia vibaya, nikataka kumvuta ile leso nimwambie nitazame. Nilikaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Kisha nikainuka, nikachukua simu yangu, nikamwambia mama yangu amwekee ile yake karibu na mto. Nikatoka uani, nikapita birika la maji, nikakaa karibu na banda la kuku, mahali ambapo haonekani mtu. Nikapiga. Nilisikia ikilia mle ndani, ng'ambo ya ukuta, mara moja tu, ikapokewa.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa ile, ile yangu ya kila jioni. "Umechelewa leo."

"Nisamehe. Nilikuwa safarini."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Niliamka asubuhi Doha. Nilipanda ndege. Nikapanda nyingine, nikapanda basi. Nikafika nyumbani, nikamkuta bibi yako na wewe. "Leo nimemwona mwanangu," nikamwambia. "Amekuwa mrefu, mashallah. Mzuri. Ila ananionea haya. Nimelala karibu naye, hakutaka kuzungumza na mimi."

Nilimsikia akivuta pumzi, kwenye simu na dirishani.

"Usimkasirikie," akasema polepole. "Wewe rudi tena kesho, mama. Atakuzoea."